Goti langu, breki za marehemu baba na busta ya Tanga

Land Rover aliyotuachia baba ni 109 Series IIA ya mwaka 1969, ya petroli, na kwa miaka yote niliyoiendesha, breki zake zilikuwa zinataka mtu asimame. Sitii chumvi. Kutoka Lushoto kushuka Mombo unashika usukani kwa mikono miwili, unaegemeza mgongo kwenye kiti, halafu ndipo unakanyaga. Baba alikuwa mtu wa kilo tisini na ushei, hakuwahi kulalamika. Mimi ni mwalimu wa kilo hamsini na nane, na tangu mwaka juzi goti la kulia limeanza kunidai.

Ushauri niliupata bure kila nilipoegesha. Toa dramu zote, weka diski. Uza, nunua gari la Kijapani. Jirani mmoja aliposikia nataka kuweka busta, kifaa kinachosaidia mguu kusukuma breki, akauliza kama gari sasa litakuwa na breki za upepo, lipige "psss" kama basi. Nikamwambia hapana, ingawa kwa kweli hata mimi sikujua vizuri nataka nini. Nilichojua ni kwamba dramu zile, ngoma za chuma zinazozunguka na gurudumu, sizitoi.

Nikashuka Tanga kwa fundi mzee aliyekuwa akiitengeneza gari hii tangu baba yuko kwenye shamba la mkonge.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona unachechemea?"

Nikamweleza habari ya goti na busta. Hakujibu. Akaita kijana alete jeki, wakanyanyua mbele, wakaanza kufungua magurudumu. Nikasema tena, mzee, mimi nimekuja kwa ajili ya busta. Akasema, "Busta ukiifunga kwenye breki mbovu, utapata breki mbovu laini."

Siku nzima ya kwanza ikaishia hapo, kwenye dramu za inchi 11. Kwenye 109 kila gurudumu la mbele lina wili silinda mbili, kila moja inasukuma breki shuu yake ibane dramu kutoka ndani, na ya chini upande wa kushoto ilikuwa imeganda kwa kutu, pistoni haitoki kabisa. Maana yake upande ule nilikuwa nikisimama kwa breki shuu moja badala ya mbili. Gurudumu la nyuma la kulia sili ya habu ilikuwa imekatika, oili imelowesha lainingi, zile ngozi za shuu zinazosuguana na dramu, mpaka zinang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Mzee akachukua moja, akainusa, akanipa na mimi niinuse. Kisha akaitupa kwenye ndoo.

Kuset shuu ndiko nilikokaa nikimtazama muda mrefu. Nyuma ya bamba la breki kuna nati inayozungusha kidude chenye umbo la konokono, nacho kinaisogeza shuu karibu na dramu. Anazungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia unakaza spana taratibu, mpaka gurudumu linakwama. Halafu analegeza kidogo sana, anazungusha tena, anasikiliza. Unasikia shuu inagusa, shh, shh, kisha haigusi. Zile nati za gari langu zilikuwa zimeshikana na kutu, inaelekea hazikuguswa miaka. Alizipasha moto kwanza.

Alipomaliza nikajaribu kanyagio bila busta yoyote. Karibu nusu ya tatizo langu lilikuwa limeshaondoka.

Busta yenyewe ilitoka kwenye Series III ya miaka ya mwisho iliyokuwa inauzwa vipande vipande, pamoja na pedeli yake na masta silinda, ile inayosukuma oili ya breki ukikanyaga, yenye vyumba viwili. Kilichonipendeza zaidi ni hiyo masta silinda. Kwenye IIA yangu mfumo ni mmoja: paipu moja ikipasuka, oili yote ya breki inamwagika na huna breki hata gurudumu moja. Sasa mbele na nyuma kila upande una njia yake. Ilibidi wapige paipu mpya, wakate kipande cha aluminiamu ya ndani ya bawa busta ipate nafasi, na wafungue manifodi ya kuingizia hewa ili watoboe tundu la kufunga hosi. Kijana alitaka kuitoboa ikiwa juu ya injini. Mzee alimtazama tu, akaenda kuifungua.

Nilipiga hesabu ya jumla nikafika laki saba na kitu. Kitu chenyewe ni siri yangu na mume wangu asisome hapa.

Safari ya kurudi nilinunua machungwa Muheza, gunia zima, nikaliweka nyuma. Mbele kidogo bodaboda akakata barabara, nami nikakanyaga kama ninavyokanyaga siku zote, kwa mwili mzima. Land Rover ikasimama kama imegonga ukuta, gunia likafunguka, machungwa yakaja mbele mpaka miguuni kwangu. Nililiegesha pembeni nikacheka peke yangu, huku mikono ikitetemeka.

Kosa lililofuata ni langu mwenyewe. Hosi niliyofungiwa ilikuwa na mkwaruzo, nikaamua kuibadilisha Lushoto kwa hosi ya kawaida niliyoiona dukani kwa bei ya kutupa. Wiki ya pili nashuka, karibu na Soni, pedeli ikawa ngumu kama zamani. Goti likajua kabla yangu. Nilipofungua boneti injini ikiwa inaunguruma, hosi ilikuwa imelala bapa kama mrija alionyonya mtoto mpaka ukabanana. Ilipata joto, ikalainika, injini ikainyonya. Hosi ya busta lazima iwe ngumu, yenye nyuzi ndani.

Nikaweka inayofaa, lakini imani ilikuwa imeshatikisika, kwa hiyo nikaazima geji ya kupimia mvuto wa manifodi. Tanga, kwa mzee, injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, geji ilisoma inchi 18 za zebaki. Kwangu Lushoto ikagoma chini kidogo ya 14. Nikaona basi, injini imekufa, valvu zimeungua. Nikampigia mzee usiku.

"Uko wapi?"

"Nyumbani, Lushoto."

"Sasa hewa ya huko na ya huku ni sawa?"

Nafundisha jiografia. Niliona aibu. Busta haina nguvu yake yenyewe. Injini inanyonya hewa upande mmoja wa kiwambo, ukikanyaga unafunguliwa upande wa pili, hewa ya nje inaingia na kusukuma. Lushoto tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo hata msukumo unapungua. Injini yangu haina ugonjwa. Ila breki za Tanga zitakuwa laini kuliko za Lushoto siku zote, na mteremko wenyewe uko huku.

Ndiyo maana mlimani bado nashuka na gia namba mbili. Busta imesaidia mguu, dramu ni zilezile: zikipata moto zinatanuka, zinaikimbia shuu, na pedeli inazama. Na wale wanaozima injini wakashuka na frii ili kuokoa mafuta, kwenye gari lenye busta wana kama mikanyago miwili mitatu ya akiba, ikiisha wanabaki na mguu wao.

Jambo moja halikubadilika. Nikisimama kwenye kilima, gari likaanza kurudi nyuma, breki zinashika kivivu. Nilimuuliza mzee kama amefunga kitu vibaya. Akaniambia shuu zote mbili za mbele zimeelekezwa zivutwe na dramu gari likienda mbele. Likirudi nyuma, dramu inazisukuma zitoke.

"Baba yako alikuwa anafanyaje?"

"Sijui mzee."

"Angalia nyuma ya kiti."

Nyuma ya kiti kuna kigogo cha mvule, kimechongwa mshazari upande mmoja. Tulipokuwa wadogo tulikikalia kwa zamu tukienda kanisani. Nimekitoa, nikakifuta vumbi. Upande wa mshazari una alama za tairi.