Dumu la ubuyu la mafundi paa

Mimi ni fundi paa. Napiga kenchi, yale mafremu ya mbao yanayobeba paa, napiga papi, zile mbao za kupigiliwa bati, nafunika bati, na kazi hii nimeifanya hapa Dodoma tangu mwaka 2011. Kwa miaka yote hiyo mwezi ninaouogopa ni mmoja, Novemba. Mvua ilishakata tangu Aprili, ardhi imekuwa unga, upepo ukivuma unakuja na vumbi la macho, na jua likifika utosini bati hulishiki bila glovu. Tunapanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa sita tunashuka, tunapanda tena saa tisa na nusu. Hapo katikati watu wakijilaza kivulini unaiona chumvi ya jasho imekauka mgongoni mwa mashati, mistari mitupu myeupe.

Zamani tulikuwa tunachanga hela, kijana anatumwa dukani kuleta soda baridi na vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Unakunywa, koo linapoa dakika kumi, halafu kiu inarudi na ulimi unanata. Mwaka mmoja tulikuwa tunapaua nyumba Iyumbu, saidia fundi wetu mmoja akashikwa na kizunguzungu akiwa kwenye ngazi na mzigo wa misumari begani. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa soda tatu, maji hata tone. Tulimdaka, tukamlaza chini ya mti, tukamlowesha kichwa. Alipata nafuu, jioni akarudi kwao kwa miguu yake. Mimi usiku ule usingizi haukuja. Ngazi ile niliifunga mimi, na kijana yule mama yake alimleta kwangu akiniambia, "Fundi, huyu ni wako sasa."

Ndipo nikamkumbuka mama yangu na juisi yake ya ubuyu.

Nimekulia Mpwapwa, na nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mbuyu ambao sisi watoto sita tukishikana mikono hatukuumaliza kuuzunguka. Msimu wa kiangazi mabuyu yananing'inia kwenye matawi makavu, mti hauna hata jani moja, na sisi kazi yetu ni kuyarushia magongo. Buyu likianguka unalipasua kwenye jiwe, ukiangalia yale manyoya ya ganda yasikuingie shingoni maana yanawasha siku nzima. Ndani ndiyo ule unga mweupe uliogandia mbegu, umeshikwa na nyuzi nyekundu. Unakauka wenyewe ukiwa bado mtini. Sijui tunda jingine linalojihifadhi kwa uaminifu kama huo.

Mama alikuwa analoweka ubuyu kwenye ndoo kila jioni ya siku za kulima na kupanda, anatia chumvi kidogo kwa vidole vitatu, asubuhi anabeba kwenda nao shambani. Sukari ilikuwa ya sikukuu. Tulikuwa tunakunywa ule uchachu mtupu kwenye kata, na naapa hakuna aliyekuwa analalamika kiu mpaka saa nane mchana. Baadaye nilikuja kuelewa sababu. Ukitoka jasho unapoteza maji na chumvi pamoja, ukirudisha maji matamu peke yake umerudisha nusu. Na kitu kichachu kinaufanya mdomo utoe mate, ukavu unaondoka. Mama hakusoma hayo popote, aliyajua kwa shamba.

Basi wiki ile ya Iyumbu nikaenda Soko la Majengo. Pale nina bibi mmoja ninayenunua kwake hadi leo. Nikifika namsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa!", ananiitikia, halafu ananifungulia gunia la nyuma, siyo lile la mbele. Naomba mnisikilize hapa, maana kwenye kuchagua ubuyu ndiyo juisi inapoharibikia. Chukua ule wenye mbegu zake, mabonge mabonge, wenye weupe wa maziwa yaliyoingia chai kidogo sana. Ukibana bonge linapasuka na kutoa vumbi. Ukiona umeanza kuwa kahawia, au unanata vidoleni, umepigwa na unyevu au ni wa mwaka jana. Nusa. Ukinusa ukungu, urudishe kwenye gunia lake. Unga uliokwisha kusagwa mimi siununui kabisa, kwa sababu huwezi kuona kilichosagiwa humo. Na ule ubuyu mwekundu wa pipi, wenye iliki na sukari, ni mtamu sana na wanangu wanaupenda, ila huo ni wa kumung'unya, juisi hautoi.

Kwa dumu moja la lita 5 nanunua kilo moja ya ubuyu wenye mbegu, robo kilo ya ukwaju, na tangawizi kipande kama vidole viwili vya mkono wangu. Sukari robo kilo. Ukipiga hesabu ni gramu 50 kwa lita, na soda ya kawaida inafika kama mara mbili ya hapo. Chumvi kijiko cha chai kimoja, kilichosawazishwa kwa kisu, kisiwe cha mlima.

Maji nachemsha usiku wa kuamkia siku hiyo. Maji ya hapa kwetu mnayajua, ni mazito, birika likikaa mwezi linaota magamba meupe ndani. Nayachemsha, nayaacha yatulie, namimina yale ya juu na kuacha masimbi chini. Kisha nayaweka kwenye mtungi wa udongo barazani, juu ya mchanga uliolowa.

Sasa jambo la kwanza ambalo nimegombana nalo na watu wengi: ubuyu hauchemshwi. Najua wengi wanachemsha, hata wauzaji wa juisi mjini wanachemsha kwa sababu unayeyuka haraka na unakuwa mzito kama uji. Lakini moto unaua vitamini C, na ubuyu una vitamini hiyo kwa wingi, kwa nini uununue halafu uitupe na mvuke? Tena ladha inabadilika, ule ukali wa kupendeza unapotea. Mimi natia ubuyu kwenye ndoo ya plastiki, namimina maji vuguvugu, yale unayoweza kuingiza mkono bila kuutoa, lita tatu hivi. Naacha nusu saa mpaka dakika 40. Halafu nanawa mikono hadi kwenye viwiko na kuanza kuvuruga kwa mkono, taratibu, nazungusha mbegu kati ya vidole mpaka nazisikia zinateleza. Hapo ujue unga wote umeachia.

Usitumie chujio la chai. Ubuyu una pektini, ile inayogandisha jemu, matundu madogo yanaziba papo hapo na utasimama hapo mpaka usiku. Tumia chujio la plastiki la matundu makubwa, lile la nazi. Mbegu zikibaki usizitupe bado, zimiminie lita moja nyingine ya maji, vuruga tena, chuja. Maji hayo ya pili ni mepesi lakini yana uchachu wa kutosha.

Ukwaju unaloweka pembeni kwenye lita moja ya maji ya moto, kwenye bakuli la kioo au plastiki. Usiloweke kwenye sufuria ya aluminiamu, tindikali yake inakula lile bati na juisi inapata ladha ya sarafu mdomoni. Nilifanya kosa hilo mara mbili kabla ya kuelewa. Ukipoa ukamue, chuja, changanya na ubuyu. Tangawizi unaiparuza, unaikamua kwa kitambaa, maji yake tu ndiyo yanaingia. Sukari na chumvi mwisho, onja, acha itulie dakika kumi, onja tena. Ukiwa umeshiba na umekaa kivulini juisi hii itakuonekea chachu mno. Usiongeze sukari. Kaionje ukiwa umetoka juani.

Lingine ni la kupoza, maana kwenye saiti umeme mara nyingi haujafika bado, sembuse friji. Dumu nalivalisha gunia la katani lililoloweshwa, nalifunga kamba, nalining'iniza kwenye tawi au kwenye kenchi upande wa kivuli ambako upepo unapita. Kila saa moja kijana analimwagia kikombe cha maji kwenye gunia. Maji yakikauka yanaondoka na joto la dumu. Saa nne juisi ni baridi ya kupendeza, baridi ya mtungi, siyo ile ya friji inayouma meno. Mjomba wangu wa Tanga nilimwelekeza akajaribu, akanipigia simu kuniambia nimemdanganya. Sikumdanganya. Kule hewa imejaa unyevu, gunia linakaa limelowa tu bila kukauka, joto litaondokaje? Dodoma hewa ni kavu, nguo unayoanika saa tatu unaianua saa nne. Ukavu huu huu unaotupasua midomo ndio unaotupozea maji. Namshukuru Mungu kwa hilo kila Oktoba.

Niseme pia kuhusu kuchacha, maana hapa niliwahi kumkosea mtu. Ilikuwa Ihumwa, Jumamosi, juisi ikabaki nusu dumu. Nikaifunga, nikaiacha stoo ya saiti mpaka Jumatatu. Joto la stoo ya mabati mnalijua. Jumatatu nafungua kifuniko kikaruka, povu likapanda, harufu imebadilika. Mimi nikaona ni gesi tu, nikamimina, nikampa mzee mmoja fundi mwashi tunayemheshimu wote. Mzee yule aliacha pombe miaka mingi nyuma, aliiacha kwa shida na machozi, na familia yake inajua ilivyokuwa. Alipiga funda moja, akalitema, akaniangalia. "Mwanangu, hii imeshakuwa pombe," akaniambia, akaweka kikombe chini taratibu. Hakunigombeza. Angenigombeza isingeniuma kama ilivyoniuma pale.

Tangu siku ile nina sheria na siivunji. Juisi ya saiti inakunywewa siku hiyo hiyo, ikibaki inagawiwa watu wapeleke nyumbani, ikikosa mtu inamwagwa chini ya mti. Nyumbani kwenye friji siku tatu, ya nne hapana. Dumu linaoshwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani mdomo ukiangalia chini. Na juisi siitii kwenye mtungi wa udongo hata siku moja. Mtungi ni wa maji, kwa sababu udongo unanyonya, na ukishachacha mara moja kila utakachotia humo kitachacha nao. Unapomwambia mtu kinywaji chako hakina kilevi, uwe na hakika nacho, kwa sababu mwingine ameweka maisha yake kwenye neno lako.

Wageni wakija Dodoma wanauliza mvinyo. Sawa, zabibu ndizo zimetutangaza, na nina rafiki Hombolo mwenye shamba la zabibu ambaye nampaulia banda kila likichakaa. Zikivunwa, Februari na Machi halafu tena Agosti na Septemba, ananipa ndoo, mke wangu anazikamua tunakunywa siku ile ile. Nzuri sana. Lakini Novemba, juu ya bati, zabibu hazipo na mbuyu upo. Mbuyu unasimama hapo bila jani miezi yote ya ukame, na watu wanauchuna magome kufuma kamba unapona, wanachuma majani mvua zikianza wanakula mboga, na bado unatoa mabuyu. Jioni za kuelekea mvua ndipo unapochanua, maua meupe makubwa yanafunguka giza likiingia na popo wanakuja kuyanywea. Asubuhi yameshaanguka. Nikiwa mdogo nilikuwa nayaokota nikidhani mti umeumwa.

Vijana wangu sasa soda wamepunguza wenyewe, sikuwakataza. Yule aliyepata kizunguzungu Iyumbu amekuwa fundi kamili, anapiga kofia za paa, zile za kufunika kilele, vizuri kuliko mimi, na ndiye anayelimwagia gunia maji bila kukumbushwa. Mwezi uliopita alinipigia saa mbili usiku kuniuliza ukwaju ni robo au nusu. Robo, nikamwambia, ukitia nusu utaufunika ubuyu.

Mbegu nazianika kwenye kipande cha bati nyuma ya nyumba, zikikauka mke wangu anazikaanga na chumvi, anatwanga, anatia kwenye mboga badala ya karanga. Kesho tunapanda Nzuguni, nyumba ya vyumba vinne, bati la msauzi, paa zima liko wazi magharibi. Ubuyu uko kwenye ndoo tayari, na binti yangu mdogo ananisubiri nimalize kuandika ili avuruge yeye.