Nilivyopandisha diploma yangu ya kompyuta hadi digrii nikiwa kazini

Mwaka 2012 nilimaliza diploma ya teknolojia ya habari na mawasiliano, ile ya moduli tatu iliyotahiniwa na Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC. Nilipata daraja la krediti. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ilikuwa imenipa C, na mlango wa moja kwa moja wa chuo kikuu unataka C+, kwa hiyo diploma ndiyo iliyonipa kazi. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ya usafirishaji mizigo pale Industrial Area, Nairobi. Nilitunza seva mbili, mtandao wa ofisi, na kila mashine iliyogoma asubuhi ya Jumatatu.

Mwaka 2017 ilitangazwa nafasi ya mchambuzi wa mifumo ya kompyuta, pale pale ofisini. Nusu ya kazi zilizoorodheshwa nilikuwa nikizifanya tayari. Tangazo lilitaka digrii. Mama anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi aliniita kando. "Mama Imani," akaniambia, "ingekuwa ni mimi naamua, jina lako lingekuwa la kwanza. Lakini fomu isiyo na digrii haipiti mezani." Nilishukuru, nikaenda msalani nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kazini. Jioni hiyo nilianza kuuliza njia.

Njia ya kwanza niliyoonyeshwa ni ya diploma za Uingereza. Digrii ya Uingereza huwa na krediti 360 (krediti hapa ni kipimo cha kiasi cha masomo), yaani 120 katika ngazi ya 4, 120 katika ya 5 na 120 katika ya 6. Mtu mwenye diploma ya ngazi ya 5, kama ile ya NCC Education au HND ya Pearson, ana krediti 240 mkononi, amebakiza mwaka mmoja tu wa masomo. Mwenzangu wa ofisini alimaliza hivyo, akisoma usiku kwa intaneti. Digrii yake ilipofika ilibidi aipeleke Gigiri, kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ambayo Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliipa kazi ya kutambua na kulinganisha shahada za nje. Ni njia nzuri, na kwa mwenye diploma hizo ningeisifu bila kusita. Yangu ilikuwa ya KNEC, na karo ya kulipwa kwa pauni ilinitisha.

Basi nikabaki na ya nyumbani, ya kuingia chuo kikuu cha hapa na kuomba baadhi ya masomo ya diploma yahesabiwe. Kwenye mpangilio wa kitaifa wa sifa za kitaaluma, uliotokana na sheria ya 2014, diploma iko ngazi ya 6 na digrii ngazi ya 7. Ukiitazama ngazi hiyo unadhani ni kupandisha mguu mmoja tu. Nilidhani hivyo pia.

Chuo cha kwanza nilichokwenda kilikuwa katikati ya mji. Kijana wa mapokezi aliangalia cheti changu akasema, "Hapa unaingia mwaka wa pili, dada, hakuna shida." Nikalipa ada ya maombi, nikalipa na muhula wa kwanza. Wiki ya tatu nilipopewa orodha ya masomo yangu nikakuta kuandika barua, kuwasha kompyuta, utangulizi wa mtandao. Mwaka wa kwanza, mwanzo kabisa. Niliuliza ahadi ya mwaka wa pili iko wapi. Nikaulizwa barua yake iko wapi. Sikuwa na barua. Pesa haikurudi, na muhula ule niliuacha.

Jambo hilo liliniuma mwaka mzima, na ndilo linalonifanya niandike haya. Kwa hiyo kama uko katika hali niliyokuwa nayo, nakuomba usilipe hata shilingi ya karo kabla hujashika mkononi barua yenye mhuri inayotaja yuniti, yaani masomo, ulizosamehewa kwa sababu ya diploma yako, moja moja, kwa jina na kwa nambari.

Mwaka 2018 nilikwenda chuo kingine. Mkuu wa idara ya kompyuta alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Nilimwekea mezani cheti na orodha ya alama. Alivitazama kwa dakika moja akavisukuma kwangu taratibu.

"Binti yangu, haya ni majina tu. Hapa pameandikwa 'miundo ya data'. Mlifundishwa nini ndani yake? Saa ngapi? Nikiulizwa na Tume nitawajibu nini?"

Akanieleza utaratibu. Chuo hakiwezi kumhamishia mwanafunzi zaidi ya asilimia 49 ya masomo ya msingi ya digrii. Hata hiyo 49 haitolewi kama sadaka, kwani kila yuniti lazima ilinganishwe na ya kwao, mada kwa mada. Alichotaka ni silabasi.

Nilirudi chuo nilikosomea diploma. Jengo lilikuwa limegeuka maduka ya simu. Nilisimama pale barabarani nikihisi kwamba miaka yangu mitatu imefutwa. Aliyeniokoa ni mwalimu wangu wa zamani, niliyempata kwa simu. Alinikumbusha kwamba silabasi ya diploma ile haikuwa ya chuo. Iliandaliwa na taasisi ya mitaala, KIE ya zamani, ambayo tangu 2013 inaitwa KICD, na ofisi zake ziko Desai Road, karibu na Murang'a Road. "Nenda huko, mwanangu. Kitabu chake kinauzwa." Nilikwenda siku ya pili wakati wa chakula cha mchana, nikatoka na kitabu kimoja kinene. Nilikibeba kifuani ndani ya matatu kama mtu aliyebeba mtoto.

Jumamosi tatu nilikaa katika maktaba ya McMillan, Banda Street, kitabu cha silabasi upande mmoja na maelezo ya masomo ya chuo kikuu upande mwingine. Nilichora jedwali kwa mkono. Safu ya kwanza nikaandika mada ya chuo kikuu, ya pili mada ya diploma pamoja na ukurasa wake, ya tatu idadi ya saa. Pale palipopungua niliandika 'haipo'. Sikuficha. Yule mama aliposoma jedwali alitulia kwenye zile 'haipo' kuliko pengine popote. Naamini ndizo zilizomfanya ayaamini mengine.

Digrii yenyewe ilikuwa na yuniti 48. Nilisamehewa 13. Hifadhidata ilipita, uchambuzi na usanifu wa mifumo ukapita, na vilevile mitandao, matengenezo ya kompyuta, na programu za mwanzo tulizoandika kwa lugha za Pascal na C. Miundo ya data, yaani namna za kupanga data ndani ya kompyuta, ilikataliwa, na hisabati yote ikakataliwa. Nilisikitika kwa ile ya miundo ya data, maana nilipata alama nzuri sana kwenye diploma, nikajaribu kujitetea. Mama akasema, "Mlijifunza kuijenga. Hamkujifunza kuipima. Kaa darasani muhula mmoja, halafu uje uniambie kama nimekuonea."

Kila yuniti ilikuwa shilingi 9,500, kwa hiyo jedwali lile la mkono liliniokolea shilingi 123,500. Zilizobaki, 332,500, nililipa kwa mkopo wa sacco ya kazini na kwa zamu yangu ya chama. Mume wangu alibeba kodi ya nyumba peke yake kwa karibu miaka mitatu, na hakuwahi kunikumbusha.

Masomo yalianza Septemba 2018, saa kumi na moja unusu jioni hadi saa mbili unusu usiku. Natoka Industrial Area saa kumi na moja kamili, nafika darasani mhadhiri ameshafuta ubao mara moja. Usiku ni Jogoo Road, matatu ya Umoja, foleni. Nyumbani nafika Imani amelala. Dada yangu alimlisha, akamwogesha, akanipigia picha madaftari yake ili niyaone njiani.

Hisabati ndiyo iliyokuwa mlima. Kwenye diploma tulifundishwa kukokotoa, huku tulitakiwa kuthibitisha. Mara ya kwanza mhadhiri alipotuambia tuthibitishe kwamba jumla ya namba kutoka 1 hadi n ni n mara namba inayoifuata, kisha ugawe kwa 2, niliweka 5, nikapata 15, nikaweka 10, nikapata 55, nikaona nimemaliza. Akaniandikia kwa kalamu nyekundu: "Umeonyesha namba mbili. Zilizobaki?" Ilinichukua majuma mawili kuelewa hatua ile ya kusema, ikiwa ni kweli kwa namba hii, basi lazima iwe kweli kwa inayofuata. Nilielewa nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji ya mtaani, nikaweka mtungi chini nikaandika nyuma ya risiti.

Na miundo ya data? Kazini tulikuwa na programu niliyoandika mwenyewe, ya kulinganisha orodha mbili kila mwisho wa mwezi. Moja ilikuwa ya nambari za mizigo iliyoingia ghalani, nyingine ya iliyotoka. Kila orodha ilikuwa na nambari kama 40,000. Programu ilichukua nambari moja ya kwanza, ikaitafuta kwenye orodha nzima ya pili, halafu ikachukua inayofuata, ikaanza upya. Niliiwasha saa saba nikaenda kula, nikirudi bado inazunguka. Siku zote nililaumu kompyuta, nikaomba ninunuliwe yenye kasi zaidi.

Jumatano moja jioni mhadhiri alichora kitanzi ndani ya kitanzi, yaani kazi inayorudiwa ndani ya nyingine inayorudiwa, akatuambia tuzidishe. Nilizidisha zangu, 40,000 mara 40,000. Bilioni moja na milioni mia sita. Nilihisi joto usoni. Kisha akaonyesha kwamba orodha ikipangwa kwa mfuatano, unaangalia katikati, unatupa nusu isiyokuhusu, unaangalia katikati tena, na kwa nambari 40,000 hutazidi kuangalia mara 16. Hata majina milioni moja yanahitaji mara 20 tu. Hesabu yangu ya bilioni ikashuka hadi 640,000, ukiongeza kazi ya kupanga orodha mara moja mwanzoni.

Alhamisi nilifika ofisini saa moja asubuhi kabla ya watu. Nilipanga orodha ya pili, nikabadilisha mistari isiyofika ishirini, nikawasha programu, nikainuka kwenda kuchemsha chai kama nilivyozoea. Sikufika mlangoni. Ilikuwa imemaliza. Niliiwasha tena nikidhani imekosea, nikalinganisha majibu na ya mwezi uliopita, yakawa sawasawa. Kompyuta ilikuwa ile ile. Nilikwenda kwa mkuu wa idara wiki hiyo hiyo nikamwambia, "Mama, hukunionea."

Tarehe 15 Machi 2020 Rais Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo kwa sababu ya korona, na masomo yetu yakahamia intaneti. Mwezi ule ule ikaja kafyu. Kwa wengi darasani ulikuwa mwisho, maana kazi zilipotea na bando ni pesa. Kwangu, nashukuru, mizigo iliendelea kusafiri. Nilisomea jikoni, simu imeegemezwa kwenye mkebe wa unga, Imani upande wa pili wa meza na madaftari yake. Muhula ule nilipata alama zangu bora zaidi, kwa sababu saa mbili za Jogoo Road zilirudi kwangu.

Mradi wa mwisho niliufanya juu ya kitu ninachokijua, mfumo wa kufuatilia makontena kutoka langoni hadi kwenye lori, wenye onyo kwa yaliyokaa kupita siku zake. Nawasihi wanaofanya kazi wasiende kutafuta mradi wa kupendeza watu. Chukua usumbufu unaoujua kazini, omba ruhusa kwa maandishi, badilisha majina ya wateja, uufanye. Waliponitahini waliuliza maswali magumu kuhusu lango, zamu za usiku, umeme kupotea. Nilijibu bila karatasi, maana nilikuwa nimesimama kwenye lango lile mara nyingi.

Nilimaliza Aprili 2021, na mwaka huo huo nikahitimu. Nafasi ya mchambuzi ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine zamani. Ilifunguka tena mwaka uliofuata nikaomba, na fomu yangu ikapita mezani. Yule mama wa mambo ya wafanyakazi aliipokea kwa mikono miwili.

Kile kitabu cha silabasi bado ninacho, pamoja na jedwali lenye zile 'haipo'. Wiki jana mdogo wake karani wetu, kijana mwenye diploma kama yangu, alikuja nyumbani Umoja kuviazima. Nilimtolea nakala za kurasa zote kwa mama wa fotokopi pale kituoni, vya asili nikabaki navyo. Kabla hajaondoka nilimuuliza kama amelipa karo popote. Akasema kuna mahali ameambiwa ataingia mwaka wa pili.

"Umepewa barua?"

"Bado, auntie."

Nilimwambia aketi kwanza, nikaweka chai.