Hati ya Mama wa Nkuhungu

Mpwa wangu, ambaye mwaka huu yumo katika darasa la kipaimara, aliniuliza Jumapili iliyopita tulipokuwa tunatoka ibadani: "Mjomba, mbona wewe hujongei Meza ya Bwana?" Nilimwambia kwamba hilo ni jambo la watu wazima, naye akalipokea jibu hilo kwa heshima, ingawa niliona hakuridhika. Tangu siku hiyo ninakiwaza kile kikao cha wazee wa kanisa cha Novemba 2018, na nimeona afadhali nikiandike sasa kabla mtoto hajaniuliza mara ya pili.

Mnakumbuka hali ya mwaka ule. Mwishoni mwa Oktoba, Paul Makonda, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kuunda kikosi cha kuwasaka wapenzi wa jinsia moja na akawaomba wananchi wampelekee majina. Tarehe 4 Novemba Serikali ilisema kwamba huo ulikuwa msimamo wake binafsi, lakini neno lilikuwa limekwisha kusafiri, na hapa Dodoma watu walianza kutazamana. Mtu ambaye hadi leo simjui alilipeleka jina langu kwa wazee wa kanisa letu. Angeweza kulipeleka polisi, na kila nikikumbuka kwamba adhabu ya kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha makosa ya kinyume cha maumbile, inaanzia miaka 30 gerezani na kufika kifungo cha maisha, ninamshukuru Mungu kwamba aliishia kwa wazee.

Tulikaa katika ofisi ndogo iliyo nyuma ya kanisa, jioni yenye joto zito la majira ya kungojea mvua. Mchungaji alifungua kwa sala. Mzee mmoja akatukumbusha Tamko la Dodoma, ambalo kanisa letu, KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), ililitoa hapa mjini mwaka 2010 kupinga ndoa za jinsia moja, na ambalo lilikataa pia fedha na misaada ya wale wanaoziunga mkono ndoa hizo. Nilishangaa kulisikia likitajwa juu yangu, kwa kuwa sikuwa nimeomba ndoa wala sijawahi kupokea fedha ya mtu yeyote wa nje. Nami nilikuwa na langu la kusema: kwamba azimio la maaskofu wa Kianglikana katika Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1998, lile linalosema matendo ya jinsia moja hayapatani na Maandiko, ndilo hilo hilo lililoahidi kuwasikiliza watu wa namna yangu na kuwahakikishia kwamba Mungu anawapenda. Lakini kila sentensi niliyoipanga kichwani ingekuwa kukiri kosa la jinai mbele ya mashahidi. Hivyo nilikaa kimya, na ukimya wangu ukahesabiwa kuwa ndilo jibu.

Mchungaji alipotaka wanaoafiki nitengwe wanyooshe mikono, mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na dirisha aliomba neno. Jina lake silitaji. Ni mjane wa Nkuhungu, mzee wa kanisa, na wengi mle ndani walilijua shauri lake, kwa sababu lilikuwa limesumbua kanisa zima. Mumewe alipofariki, shemeji yake aliishika barua ya toleo ya kiwanja na kudai kwamba mwanamke hawezi kurithi ardhi ya ukoo wao. Mimi, niliyekuwa nimepata mafunzo ya msaidizi wa kisheria, ndiye niliyemwandikia maombi ya usimamizi wa mirathi kwenye Mahakama ya Mwanzo, kisha nikafuatilia karatasi zake katika kipindi kile cha vurugu, CDA, mamlaka iliyosimamia ardhi ya mji wa Dodoma, ilipovunjwa Mei 2017, kazi zake zikahamia manispaa na hati za miaka 33 zikaanza kubadilishwa kuwa za miaka 99. Hatimaye hati ilitoka kwa jina lake.

Hakusimama. Alizungumza taratibu, kama wazee wa Kigogo wanavyozungumza penye jambo zito, akiwa ameushika upindo wa khanga yake.

"Mchungaji, shauri la kiwanja changu mnalijua. Barua zote zilizokwenda mahakamani ni za mkono wa kijana huyu. Alikuja kwangu jua likiwaka, hakuniomba hata nauli. Sasa kama leo baraza linasema huyu hafai kushika kitu cha Mungu, naomba nielekezwe: ile hati niipeleke wapi? Nimrudishie shemeji?"

Hakuna aliyemjibu. Yule mzee aliyetaja Tamko alikohoa, akatazama meza, kisha akasema kwa upole, "Mama, hayo ni mambo mawili mbalimbali." Mama akamtazama kwa muda mrefu, na naapa sikuona hasira yoyote usoni pake. "Kwenu ninyi ni mawili," alisema. Mchungaji aliposoma tena pendekezo, mikono ikanyooshwa, mmoja mmoja, mingine kwa kusita. Ya kwake ilibaki juu ya magoti yake.

Nilitengwa hadi nitakapotubu, na tangazo likasomwa Jumapili iliyofuata. Wapo wanaoniuliza kwa nini sijahama. Mimi nilijifunza neno la Isaya, "mteteeni mwanamke mjane," katika shule ya Jumapili ya kanisa hilo hilo, na mahubiri juu ya aya hiyo ndiyo yaliyonipeleka kwenye mafunzo ya sheria. Sioni namna ya kuikata imani niliyoipata pale nikabaki na kazi niliyopewa na imani hiyo. Wala sijui ni toba gani ninayodaiwa, ikiwa nikijieleza kwa ukweli ninafungwa na nikinyamaza ninaonekana mkaidi.

Usiku ule nilimsindikiza yule mama hadi kituo cha daladala, nikamshukuru. Akanikatiza: "Usinishukuru, mwanangu. Mimi nilikuwa naulizia hati yangu." Nimelipima neno hilo kwa miaka mingi. Huenda alimaanisha hivyo hasa, kwamba aliogopa karatasi isije ikatiliwa shaka. Huenda pia huo ndio ulikuwa mlango pekee uliobaki wazi kwa mtu aliyetaka kunitetea bila kulitaja jambo lenyewe. Hatujalizungumza tena, na sijamuuliza.

Kazi ya karatasi ninaendelea nayo, kila Jumamosi, nyumbani kwa dada yangu. Baadhi ya wazee walionyoosha mikono siku ile wamekwisha kuwaleta dada zao waliofiwa na waume, wakakaa nao hadi tulipomaliza kujaza fomu. Mmoja wao ni yule aliyekohoa. Aliniuliza kama mirathi ya dada yake itachukua muda mrefu, nami nikamweleza hatua zote, na akaahidi kurudi na cheti cha kifo.