Alamu ya saa nane usiku

Mume wangu alifariki na miaka 34, kansa ya utumbo mpana. Karibu mwaka mzima tulikuwa tunatibu bawasiri. Akitoka chooni na damu tunaambiwa bawasiri, anapewa dawa ya kupaka na kuambiwa anywe maji mengi, na sisi tukaridhika maana nani anamuwazia kansa mtu wa umri ule? Mpaka suruali zikaanza kumvuka, anapanda ngazi anahema, ndo wakamuingiza kamera na kuchukua kinyama wakapima. Ikawa imeshafika kwenye ini. Jamani, kama unatoa damu chooni na haikomi, dai hicho kipimo cha kamera hata kama bado kijana, usione aibu.

Kemo, zile dawa za kuua kansa, ilimfanya asiweze kugusa kitu cha baridi, akishika tu glasi ya maji anasema vidole vinachoma kama sindano, nikawa nampashia kila anachokunywa. Ilipogoma tukarudi nyumbani na mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kila baada ya masaa manne, na ukichelewesha yale maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Nikaweka alamu kwenye simu, saa kumi na mbili, saa nne, saa nane, mchana na usiku, nikaandika "Dawa".

Siku tuliyotoka kuzika, saa nane usiku ikalia. Niliamka nikashika chupa nikaanza kupima kabisa, ndo nikakumbuka. Nilikaa chini pale pale na ile sirinji mkononi mpaka kukakucha.

Sikuizima. Sijui nielezeje ila ndo iliyonibeba, maana watu wananiambia jipange, fikiria maisha ya mbele, bado mdogo utaolewa tu (hii naomba msimwambie mtu yeyote), na mimi siwezi kuwaza hata kesho. Masaa manne niliyaweza. Inalia saa nne, naoga. Inalia saa nane, nakula hata kama chakula hakipiti. Kazini nilirudi hivyo hivyo, nikifika ile ya saa nane mchana naenda chooni nalia, nanawa uso, narudi kwenye kiti.

Mtoto ndo alinipa shida zaidi. Alikuwa na miaka minne, ndugu wakamwambia baba amelala, basi akagoma kulala, na mimi nikisinzia ananifungua macho kwa vidole. Nikamkalisha nikamwambia baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, haumwi tena na harudi. Alilia sana, na mimi nililia, lakini usiku ule alilala. Aliendelea kuuliza kwa miezi, unajibu maneno yale yale, unajibu tena.

Alamu nilizitoa moja moja, ya saa nane usiku ndo ilikuwa ya mwisho kutoka, baada ya kama mwaka na nusu hivi. Imebaki ya saa kumi na mbili asubuhi inayotuamsha kwenda shule. Jina sijabadilisha. Juzi ikalia akaichukua yeye simu, siku hizi anajua kusoma, akaniuliza mama, dawa ya nani? Nikamwambia ya baba. Akasema alikuwa anaipenda? Nikamwambia hapana, ilikuwa chungu, alikuwa anakunja uso hivi. Akajaribu kukunja na yeye, akaenda kutafuta soksi.