Nilivyosimamia Gazeti la Wasanii wa Jukwaani

Gazeti la wanataaluma wa sanaa za maonyesho husomwa kuanzia nyuma. Mwigizaji anayetafuta kazi hufungua kwanza kurasa za matangazo ya usaili, ndipo asome habari na tahakiki akibakiwa na nafasi. Nilipoanza kulichapisha gazeti la namna hiyo, nguvu zangu nyingi nilizielekeza kwenye kurasa hizo, kwa kuwa tangazo moja la uongo lingetosha kuwakimbiza wasomaji.

Nilitunga fomu ambayo kila mtayarishaji alilazimika kuijaza: jina lake halisi, ukumbi, tarehe za mazoezi na za maonyesho, malipo, na iwapo mchezo unamtaka msanii avue nguo jukwaani. Aliyeandika kuwa malipo yatajadiliwa nilimpigia simu ataje kiasi, na kama hakuna malipo aseme wazi. Jioni moja, kurasa zikikaribia kwenda mtamboni, lilifika tangazo la kutafuta wacheza densi: usaili ungefanyika katika chumba cha hoteli, na kila mmoja angekuja na ada ya usajili. Nilipouliza onyesho lingefanyika ukumbi gani, mwenye tangazo aligomba badala ya kujibu. Nililiondoa, nafasi yake nikaijaza tangazo la kukodisha mavazi ya jukwaani. Mwajiri wa kweli hamtozi msanii fedha ili amtazame akicheza.

Tahakiki zilinisumbua zaidi, kwa sababu kumbi zinazokosolewa ndizo hizo hizo zinazonunua nafasi za matangazo. Tatizo hili ni kongwe. Sime Silverman, aliyeanzisha Variety, gazeti la habari za burudani, mjini New York mwaka 1905, inasimuliwa kwamba aliachishwa kazi katika gazeti jingine baada ya tahakiki yake kumuudhi mnunuzi wa matangazo. Kwangu niliweka utaratibu kwamba muuza matangazo asiione tahakiki kabla haijachapwa, wala mhakiki asijue nani amelipia ukurasa gani. Mwenye ukumbi mmoja aliondoa matangazo yake kwa hasira, nasi tukachapa kurasa chache kwa muda. Hatimaye alirudi, maana waigizaji aliowahitaji walikuwa wakitusoma sisi.

Matangazo ya usaili yalipohamia intaneti, fomu ile nilihama nayo. Niliongeza kipengele kimoja tu: kwa kuwa usaili mwingi sasa huanza kwa video ambazo wasanii hujirekodi wenyewe, mtayarishaji hueleza ni nani atakayezitazama na lini zitafutwa.