Mlima Longonot na Hell's Gate kwa siku moja?

Leo kazini wamepitisha daftari la kujiandikisha safari: Jumamosi, matatu ya kukodi kutoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi Longonot, mchana korongo la Hell's Gate.

Longonot naijua. Mita 2,776, na lile vumbi linaloingia hadi ndani ya soksi. Mwaka jana nilishuka kwa makalio 😂

Lakini si magoti yaliyonizuia. Nilimuuliza mpangaji, mvua ikinyesha je?

Akacheka. "Si tutanyeshewa tu!"

Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu mle korongoni.

Daftari nimelirudisha na herufi tatu za kwanza za jina langu.

Mliowahi kwenda, nimalizie ama nifute?