Nilivyoenda Champaign, Illinois, Marekani, kuangalia mpira wa kikapu wa wilichea (kiti cha magurudumu)

Ilikuwa Februari 2017, baridi ya kukata masikio, na mimi mtoto wa Tanga nimesahau glovu nyumbani. Nikapanda treni asubuhi pale Union Station Chicago, kama masaa mawili na nusu hivi, dirishani ni mashamba yaliyovunwa tu, tambarare mpaka macho yanachoka, nikalala zangu.

Nikapokewa na jamaa yangu Mkongo, mji ule Wakongo wamejaa bwana. Akaniuliza, "Ndugu yangu, umetoka Chicago kote huko kuja kuona walemavu wanacheza mpira?" Nikamwambia we twende.

Iko hivi, mpwa wangu anatumia wilichea, ndo nikaanza kumfuatilia Stephanie Wheeler, dada wa North Carolina aliyeumia uti wa mgongo kwenye ajali ya gari akiwa na miaka 6, akasoma na kucheza hapa hapa Chuo cha Illinois, akabeba dhahabu ya kikapu kwenye Paralimpiki, yaani Olimpiki ya walemavu, Athens 2004 na Beijing 2008, halafu akarudi chuoni kwake kama kocha, na Rio 2016 akawaongoza wadada wa Marekani wakawachapa Wajerumani 62-45 fainali. Yaani miezi mitano tu kabla ya safari yangu! Na chuo chenyewe ndo kitovu, jamaa anaitwa Tim Nugent alianzisha programu ya wanafunzi walemavu chuoni hapo 1948, wanafunzi wake wengi wakiwa askari waliorudi vitani na majeraha.

Jimu unapokelewa na kelele, chuma kwa chuma, kama karakana. Viti vyenyewe havina mishikio ya kusukumia, magurudumu yametanuka chini, mbele kuna bampa, mchezaji kajifunga mkanda. Goli ni lile lile la futi 10. Ukisukuma magurudumu mara mbili lazima udunde mpira. Halafu kila mchezaji anapewa pointi kulingana na uwezo wa mwili wake, 1 kwa mwenye uwezo mdogo mpaka 4.5, na mechi za kimataifa jumla ya pointi za watano uwanjani isizidi 14, kwa hiyo kocha anapiga hesabu kama mwenye duka, na yule wa pointi 1 usimdharau, ndo anaziba njia mwenzake apite afunge.

Binti mmoja akagongwa, puu, chini na kiti chake. Jamaa yangu akaruka kutoka kwenye benchi. Wenzake hata hawakugeuka! Akaweka mkono sakafuni, akajisukuma mara moja, yuko wima, anamkimbiza aliyemgonga. Jamaa bado kasimama. Nikamvuta koti, kaa chini bwana unatuaibisha.

Kocha mwenyewe siku ile sikumkuta, na maswali yangu matatu yakabaki kwenye simu. Nikarekodi video ya dakika mbili nikamtumia mpwa wangu. Usiku kwenye treni akajibu: "Anko, kiti kama hicho shilingi ngapi?"